Hadteli ya bei nafuu kwa safari za porini za mara moja moja: mpya, iliyotumika, au isiyo na shokapu?

Una fungu la fedha lisilo kubwa, na hamu ya kuacha lami mara moja moja: Jumamosi mbili kwa mwezi, labda tatu, kwenye vijia vya msituni, barabara za mawe na miteremko yenye mizizi. Ukianza kuulizia, fedha ileile inakuletea baiskeli tatu zisizofanana.

Ya kwanza ni hadteli mpya ya daraja la mwanzo. Hadteli ni baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu ikiwa ngumu. Hapa wamo akina Trek Marlin, Giant Talon na Specialized Rockhopper katika matoleo yao ya chini, yenye foki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) ya springi za chuma. Ya pili ni hadteli iliyotumika, ya miaka mitano hadi minane nyuma, ambayo ilipokuwa mpya hungeimudu. Foki yake ni ya upepo. Ya tatu haina shokapu kabisa: foki ngumu, tairi pana, fremu mara nyingi ya chuma.

Hiyo ya tatu watu wengi huipita bila kuisikiliza, na ndiyo maana nimeiweka. Mchezo huu ulianza bila shokapu. Tarehe 21 Oktoba 1976, kule Marin County, California, vijana walianza kushindana kuteremka njia moja ya vumbi kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini, grisi ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma imeungua yote, lazima wafungue wapake upya, na mbio zenyewe zikaitwa Repack, yaani kupaka upya, kwa sababu hiyo. Joe Breeze, mmoja wa washindani hao, alitengeneza baiskeli zake za kwanza za milimani mwaka 1977. Foki ya shokapu ya RockShox RS-1 ilikuja 1989. Miaka yote hiyo ya katikati watu walipanda na kushuka milima kwa foki ngumu.

Vigezo, na kwa nini nimevipanga hivi

Wauzaji huanza na idadi ya gia. Mimi naziweka karibu na mwisho, kwa sababu gia zinabadilishika. Kigezo cha kwanza ni fremu, ambayo huwezi kuibadilisha bila kununua baiskeli nyingine. Kinachofuata ni breki, kisha foki, magurudumu na tairi, gia, na mwisho matunzo: baiskeli itakudai nini baada ya kuinunua, na je, wewe ni mtu wa kuilipa deni hilo?

Fremu

Anza na mwili wako. Simama ukiwa umeitanua miguu juu ya bomba la juu. Lazima ibaki nafasi ya kutosha kabla halijakugusa. Kaa kitini, shika usukani: viwiko vikunjike kidogo, mgongo usivutwe. Baiskeli ya saizi isiyo yako ni ya saizi isiyo yako daima. Hapo ndipo ile mpya ina nguvu, kwa kuwa inakuja katika saizi nne au tano na unachagua. Iliyotumika inakuja kwa saizi moja tu, ya mwenye nayo, na nimeona watu wakijikunja ili waitoshee baiskeli kwa sababu tu bei imewanogea. Foki ngumu ikiwa mpya haina shida hiyo; ikiwa ya zamani, ni bahati yako.

La pili ni pembe ya bomba la mbele, lile linalopitisha shina la foki. Hadteli nyingi za miaka kumi na zaidi iliyopita zilikuwa na nyuzi 69 hadi 71. Za leo zinazotengenezwa kwa njia ngumu ziko 65 hadi 67, gurudumu la mbele likiwa limesogezwa mbele zaidi. Pembe iliyolala hutulia kwenye mteremko mkali. Iliyosimama hugeuka upesi na haiyumbi unapopanda polepole. Kwa mtu wa mara moja moja, tofauti hii utaihisi kwenye miteremko mikali tu.

La tatu halionekani kwa macho ya haraka, nalo ndilo linaloamua kama baiskeli itakua na wewe. Tazama bomba la mbele. Likiwa pana chini kuliko juu, limetengenezwa kwa shina la foki linaloanza na inchi moja na moja ya nane juu na kuishia inchi moja na nusu chini. Foki nzuri za kisasa karibu zote ziko hivyo. Likiwa jembamba sawasawa juu hadi chini, foki za kubadilishia zimebaki chache, na nyingi ni za daraja lilelile unalotaka kulikimbia. Nyingi kati ya mpya za bei ya chini kabisa ndivyo zilivyo. Iliyotumika ya daraja la juu kwa kawaida ina bomba pana, na mara nyingi pia ekseli nene za kupita moja kwa moja, milimita 15 mbele na 12 nyuma.

Kwa upande wa mpya, kuna jambo jingine la kusoma kabla ya kulipa: kitabu cha maelekezo. Watengenezaji wengi hufuata madaraja ya kiwango cha Marekani cha ASTM F2043. Daraja la 2 ni barabara za changarawe na vijia laini, ambako matairi hayaruki zaidi ya sentimita 15. Daraja la 3 ni njia za mawe na mizizi, hadi sentimita 61. Baiskeli inaweza kuwa na tairi lenye meno na shokapu ya kung'aa, na bado mtengenezaji wake mwenyewe akawa ameiandika daraja la 2. Zipo hata zenye kibandiko kwenye fremu kinachosema zisipelekwe nje ya barabara. Mwamini aliyekiandika.

Breki

Hadteli mpya ya daraja la mwanzo, ukiepuka toleo la chini kabisa, hukupa breki za diski za mafuta: Shimano MT200 au za Tektro za kundi hilo. Ni za kawaida, hazina mapambo, na zinafanya kazi. Kidole kimoja kinatosha kusimamisha baiskeli, na baada ya mteremko mrefu vidole havijakakamaa. Toleo la chini kabisa huwa na diski za waya, ambazo unazivuta kwa nguvu zaidi na kuzirekebisha mara kwa mara pedi zinapolika.

Iliyotumika huwa na breki bora kwa jina, ila mafuta yake huenda hayajabadilishwa tangu dukani. Bana mpini: ukizama hadi karibu na usukani, au ukawa laini kama sponji, kuna hewa ndani. Hilo linatibika. Angalia tu aina ya mafuta: Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM zimetumia ya DOT, na ukimimina yasiyo yake mipira ya ndani inaharibika.

Foki ngumu mara nyingi huja na diski za waya, au kama ni ya zamani, breki za mpira zinazobana ringi. Hizo za ringi hushika vizuri pakavu. Ringi ikilowa tope zinateleza, na kila ukibana mchanga unaisugua ringi yenyewe. Lakini waya unakatika ukiwa mbali na kwenu, unaweka mwingine kwa spana moja, unaendelea. Mtu anayeendesha mbali na fundi yeyote ana haki ya kulithamini hilo kuliko ulaini wa mafuta.

Foki

Hapa ndipo fedha ndogo inapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Springi ya chuma kwenye foki ya bei nafuu imetengenezwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Ukiwa na kilo 55, foki inayobonyea hadi milimita 100 inaweza isitembee hata nusu yake kwenye mawe. Unabeba chuma kisichokusaidia. Ukiwa na kilo 100, inagonga chini kila shimo. Kile kitufe cha juu ya mguu wa foki hubana springi kidogo mwanzoni tu. Hakiifanyi iwe ngumu zaidi wala laini zaidi kadiri inavyosafiri. Tatizo la pili ni kurudi: foki nyingi za kundi hili hazina kirekebishi cha kasi ya kurudi, basi ukipiga jiwe inabonyea, kisha inakurushia usukani kifuani kama mpira. Na ni nzito, takribani kilo mbili na nusu au zaidi.

Foki ya upepo, kama RockShox Judy au Recon, unaipima kwa mwili wako. Sukuma ile pete ya mpira iliyo kwenye mguu unaoteleza hadi chini, panda taratibu, kaa kama unavyoendesha, shuka bila kutikisa. Pete imesogea kiasi gani? Kwenye foki ya milimita 100, kati ya 15 na 25 panafaa hadteli. Imezidi, ongeza upepo kwa pampu ya shokapu, haijafika, punguza. Dakika tano hizo zinabadilisha baiskeli nzima, na mwenye kilo 55 na mwenye kilo 100 wote wanahudumiwa na foki moja.

Gharama yake ni matunzo. RockShox hutaka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa mafuta mapya kila saa 50 za kuendesha. Foki ya upepo iliyotelekezwa miaka mitano inaweza kuwa mbovu kuliko ya springi iliyo mpya.

Foki ngumu haina cha kufunguliwa. Ina uzito wa karibu nusu ya ile ya springi, usukani unafika hasa unakouelekeza, na nguvu zako zote za kupandia mlima zinaingia kwenye pedeli. Kinachokulinda ni tairi na viwiko vyako. Kwenye changarawe na vijia vya udongo utashangaa jinsi usivyoikumbuka shokapu. Kwenye mteremko mrefu wa mizizi utaikumbuka kwa mikono: vidole vinachoka, unapunguza mwendo, unachagua njia kati ya jiwe na jiwe. Kuna wanaolipenda hilo kwa dhati, kwa sababu linakufundisha kuisoma njia. Kuna ambao baada ya nusu saa wanataka kurudi nyumbani.

Magurudumu na tairi

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani ilikuwa mpya, ya gia 7 nyuma. Siku moja nilishuka, nikapita mtaro mdogo, si wa kutisha. Mbele kidogo nikasikia tairi la nyuma likisugua fremu upande mmoja. Nikadhani ringi imepinda. Nilipofungua gurudumu, ekseli ilikuwa imekatika vipande viwili ndani ya habu, na kilichokuwa kikiishikilia ni ule uchuma mwembamba wa kufungia gurudumu unaopita katikati yake.

Sababu yake ni umbo. Kwenye habu ya friwili, meno yote yanakaa kwenye kitu kimoja kinachofungwa kwa nyuzi juu ya habu, na gololi za upande wa kulia zinabaki ndani, chini yake. Sehemu ndefu ya ekseli inaning'inia bila cha kuibeba, na ndiyo inayopinda kisha kukatika. Kwenye habu ya kaseti, gololi zimesogezwa nje hadi karibu na fremu. Kutofautisha si kazi: zungusha meno kinyumenyume ukitazama pete ya katikati. Ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Ikitulia, ni friwili. Baiskeli za gia 7 nyuma mara nyingi ni friwili. Kuanzia 9 karibu zote ni kaseti. Ukinunua mpya kwa ajili ya porini, hiki ndicho kipimo changu cha kwanza baada ya saizi, na ningetoa fedha ya ziada kupanda toleo moja juu ili nikipate.

Kwa ukubwa wa gurudumu, la inchi 29 hupita juu ya mawe kwa urahisi na 27.5 hugeuka upesi na huwafaa wafupi. Iliyotumika au ya foki ngumu ya zamani inaweza kuwa na 26. Haina ubaya wowote barabarani, ila tairi nzuri na ringi za saizi hiyo zinazidi kuwa chache, na fremu nyingi za zamani hazipitishi tairi lililozidi inchi 2.1 au 2.2. Kwa foki ngumu huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa tairi ndilo shokapu. Mpya za aina hiyo hupokea inchi 2.4 hadi 3.

Na jaza upepo kwa kiasi. Wengi wanaingia porini na tairi gumu kama la barabarani, kisha wanailaumu foki. Kwa tairi la inchi 2.3 lenye tyubu na mtu wa kilo 75, anzia PSI 28 au hivi, punguza kidogo kidogo mpaka liume ardhi bila ringi kugonga jiwe.

Gia

Kwa ufupi: usihesabu gia, hesabu meno. Baiskeli ya gia 21 yenye meno 24 kwenye gia ndogo ya mbele na 28 kwenye kubwa ya nyuma inazungusha gurudumu mara 0.86 kwa kila mzunguko wa pedeli. Yenye gia 9 tu, meno 32 mbele na 46 nyuma, inazungusha mara 0.70. Ya pili ndiyo nyepesi mlimani, ingawa kwenye karatasi inaonekana imepunjwa.

Mpya za kundi hili siku hizi ziko njia panda: za chini bado zina gia mbili au tatu mbele, za juu kidogo zina moja. Iliyotumika nzuri itakuwa na moja mbele na 10, 11 au 12 nyuma, pamoja na dereila (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) yenye kizuizi kinachoishika cheni isipige fremu wala kuchomoka. Cheni na kaseti za gia 12 zina bei kuliko za 9, ukumbuke zitakapolika. Foki ngumu utaikuta na lolote, hata gia moja tu.

Matunzo, na kuikagua iliyotumika

Mpya ina dhamana, na miezi ya kwanza itakudai kukaza waya, spoku na krenki (mikono ya pedeli) tu. Foki ngumu inadai kidogo kuliko zote, leo na miaka kumi ijayo. Iliyotumika ndiyo inayohitaji macho, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fanya haya kabla ya kutoa fedha:

- Pitisha ukucha juu ya miguu ya foki inayoteleza. Ukikwama kwenye mkwaruzo, mafuta yanapitia hapo.
- Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Mlio wa "tak tak" ni beringi za usukani, ambazo ni nafuu, au ni bushi za foki, ambazo si nafuu. Weka kidole kwenye kiungo cha usukani na fremu ujue ni ipi.
- Futa vumbi pale bomba la chini linapoungana na la mbele, na chini ya kiti. Mstari mwembamba kwenye rangi unaweza kuwa ufa. Ukiutilia shaka, ondoka.
- Pima cheni kwa rula: viungo 24 mfululizo, kutoka pini hadi pini, ni milimita 304.8. Ikifika 306.4 inabadilishwa. Ikikaribia 308, kaseti nayo imekwenda.
- Geuza baiskeli, soma namba iliyochongwa chini ya krenki, ulinganishe na risiti au karatasi ya muuzaji. Namba iliyokwaruzwa ni sababu ya kutosha kuiacha.

Hata ikifaulu yote, mimi hutenga robo ya bajeti kwa cheni, pedi, mafuta ya foki na labda tairi. Asiyeitenga hununua baiskeli nzuri kisha anaiendesha mbovu.

Kulingana na hali yako

Kama hujui ufundi, huna rafiki anayeujua, na saizi yako si ya kawaida, chukua mpya. Hakikisha ni daraja la 3, breki za mafuta, habu ya kaseti. Bomba la mbele pana likiwemo, bora zaidi. Ikiwa bajeti haifiki hapo, subiri miezi miwili mitatu kuliko kuchukua ile ya friwili ukaipeleka kwenye mawe.

Kama uzito wako uko mbali na wastani, chini au juu, foki ya upepo ina maana kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tafuta iliyotumika, nenda na fundi, mlipe muda wake.

Kama unaendesha vizuri tayari na unatamani miteremko migumu, iliyotumika tena. Tazama kwanza pembe na ekseli, ndipo uangalie rangi.

Kama siku tano za juma ni kwenda kazini na siku moja ndiyo vumbi na changarawe, foki ngumu yenye tairi la inchi 2.4 itakuhudumia kote kuwili, na fedha ya shokapu itabaki kwa kofia ngumu na pampu. Hata mtu anayelaza baiskeli nje, au anayekaa mbali na vipuri, ningemwelekeza huko.

Na kama bado umegawanyika kati ya mbili, azima. Omba saa moja juu ya foki ngumu kwenye njia ileile unayokusudia kuiendesha, si kwenye uwanja wa duka. Ukirudi viganja vinauma, unajua unahitaji shokapu. Ukirudi unauliza kama unaweza kuongeza mzunguko mmoja, kagua tu ringi, tairi na saizi, ulipe.